Bwana Tisini na Nane Aweka Spana Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa karakana ya pikipiki ya Idara yetu ya Maji anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni. Wasifu huu ulitakiwa kuandikwa na wafanyakazi wote wa karakana kwa pamoja. Tulipokutana, ilibainika kwamba ni mmoja wetu tu anayenawa mikono kabla ya kushika karatasi, hivyo kazi ikamwangukia mtunza stoo. Makosa ya lugha ni yake. Makosa ya ufundi, kama msomaji atakavyoona, ni yetu sote.

Mstaafu aliajiriwa kama msoma mita, akizunguka mitaani kwa pikipiki ndogo iliyokuwa ikizimika kila penye kivuli. Kwa kuwa alitumia muda mwingi zaidi kuitengeneza kuliko kusoma mita, mkuu wake wa wakati ule aliona ni nafuu kumhamishia karakana. Yeye mwenyewe husema alipandishwa cheo.

Kazi ilikolea idara ilipofungua ofisi ya juu, kule mlimani kwenye chanzo cha maji. Pikipiki zilizokuwa zikikimbia vizuri mjini zilifika nusu ya mlima zikaanza kukohoa, na karibu na kilele zilikwenda mwendo wa bata. Waendeshaji walirudi wakilalamika: "Fundi, chombo hakina pumzi." Fundi alitafakari, akatoa uamuzi: huko juu hewa ni nyepesi, injini haishibi, basi iongezewe petroli. Sote tuliafiki. Hakuna aliyejiuliza kama mtu aliyekosa pumzi hupona kwa kuongezewa chakula.

Fundi alikuwa na sababu yake binafsi ya kuhangaika. Nyumba yake iko huko juu, na kila Ijumaa jioni hupanda mlima na mkewe, fundi cherehani anayetushonea ovaroli. Kwenye kona ya mwisho, yenye mwinuko mkali, pikipiki iligoma kubeba wawili. Mama alikuwa akishuka, anavua viatu, anamalizia kwa miguu, huku mumewe akimsubiri juu. Kona ile hadi leo inaitwa Shuka Mama. Siku moja, akimpima kiuno mmoja wetu, mama alisema bila kuinua macho: "Nimeolewa na fundi pikipiki, halafu mlima napanda kwa miguu." Fundi aliahidi hapo hapo kwamba kabla hajastaafu, mkewe ataipita kona ile akiwa amekaa. Mama alijibu akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo hatukusikia vizuri, lakini haikuwa asante.

Yakaanza majaribio. Fundi aliondoa chujio la hewa ili injini ivute kwa nafasi; ikavuta vumbi, pistoni ikakwaruzika. Alikata ekzosi, nguvu haikuongezeka, ila mhasibu wa ofisi ya juu alitoka nje mbio akidhani lori limekatika breki. Kila jaribio tulilipigia makofi, maana kupiga makofi ndiyo kazi tuliyoimudu vizuri.

Kisha akahamia kwenye jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ndani ya kabureta, kinachopima petroli inayoingia. Jeti ya kiwandani ilikuwa namba 92. Fundi akachagua 98, kubwa zaidi, akaifunga bila miwani kwa sababu wakati huo alikuwa hajakubali kwamba anaihitaji. Pikipiki ilipanda mlima kama inafukuzwa. Alirudi kifua mbele, akatupa somo refu, akaandika 98 ukutani kwa chaki, tarakimu kubwa kama sahani. Tangu hapo akaitwa Bwana Tisini na Nane, jina alilolipokea kwa furaha.

Tukazifunga pikipiki zote zilizosalia jeti za 98. Zikatoa moshi mweusi na plagi zikawa masizi matupu. Fundi alilaumu petroli, akalaumu plagi, akalaumu uzito wa waendeshaji, hata mmoja wao akaacha kula mchana. Nasi tuliendelea kuitazama ile chaki ukutani kama watu wanaosubiri iseme.

Hatimaye miwani ikaja. Fundi aliifungua kabureta ya pikipiki ile iliyokuwa ikipanda vizuri, akaitazama jeti, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa 86. Alikuwa ameisoma kichwa chini miguu juu. Alikaa juu ya tairi, akacheka mpaka miwani mipya ikalowa, kisha akatuita: "Jamani, njooni, mjinga mwenzenu anawaita." Akatueleza kwamba mlimani hewa ni haba, hivyo petroli nayo ipungue ili viende sawa. Sisi tulikuwa tunaizamisha injini tukidhani tunainywesha. Jina lake halikubadilika, ila sasa lilitamkwa kwa kicheko, na aliyecheka wa kwanza alikuwa yeye.

Tukazifunga pikipiki zote jeti za 86, tukadhani tumemaliza. Zile za 86 ziliposhuka mjini, kwenye hewa tele, petroli ikawa pungufu na injini zikachemka. Ndipo Fundi akaweka utaratibu tunaoufuata mpaka leo: pikipiki za juu hukaa juu, za chini hukaa chini, na waendeshaji hubadilishana pikipiki kwenye tangi la maji lililo katikati ya mlima. Alikuwa akiwaambia wageni wa karakana: "Jeti inarudisha nguvu tuliyoipoteza sisi. Iliyochukuliwa na mlima hairudi." Na kweli, hata kwa 86, Shuka Mama iliendelea kustahili jina lake.

Ilibaki sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalozungushwa na mnyororo. Fundi alifunga kubwa zaidi, inayoongeza nguvu ya kuvuta na kupunguza mwendo, na Ijumaa iliyopita, wiki moja kabla ya siku yake ya mwisho, karakana nzima ilijipanga kwenye kona. Pikipiki ilitokea ikinguruma taratibu. Ilipofika penye mwinuko, Fundi alipunguza gia, na mama, kwa mazoea ya miaka yote, akashuka. Fundi alipanda mpaka juu akijisifu kwa mtu ambaye hakuwepo nyuma yake.

Walirudi chini, wakaanza upya. Safari hii mama alishika jaketi la mumewe kwa mikono miwili. Walipanda polepole kiasi kwamba mfagiaji wa ofisi ya juu, aliyekuwa akienda kwa miguu, aliwasalimu, akaulizia watoto, akajibiwa yote, kisha akawapita. Lakini mama alifika juu akiwa amekaa. Aliitazama kona, akamtazama mumewe aliyekuwa akingoja sifa, akasema: "Kwa miguu ningekuwa nimeshafika."

Hata hivyo hakushuka. Alikaa hapo hapo mpaka mlangoni kwao.

Pikipiki ile idara imemzawadia Fundi, pamoja na sproketi yake. Tunamshukuru kwa kutufundisha kazi, na zaidi kwa kutufundisha kukosea bila kununa. Bwana Tisini na Nane, tunakutakia wewe na mama maisha mema na marefu huko juu kwenye hewa nyepesi. Ile chaki ukutani hatutaifuta. Tumeamua tu kuigeuza.