Dorka Waisiko, Mama Aliyetoa Kilima kwa Ajili ya Maji

Wachungaji wetu, viongozi wa serikali mliofika, wakwe, majirani, na ndugu mliovuka kutoka upande wa Kenya, poleni na safari na poleni na msiba, wazee, shikamooni. Familia imenipa mimi Simon, mtoto wa dada yake marehemu, nafasi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na imeniagiza nisiruke jambo, kwa kuwa mwenyewe alisema katika siku zake za mwisho kwamba hataki kuzikwa kwa maneno ya kumbembeleza mtu yeyote.

Marehemu Dorka Waisiko alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kisaka, wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa nne wa mzee Simioni, mfugaji na mkulima wa mtama, akasoma shule ya msingi huko huko Kisaka kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na ingawa walimu walimsifu kwa hesabu, masomo yake yaliishia hapo, kwani mama yake alikuwa mgonjwa na nyumba ilihitaji mtu wa kuishika.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Deus Werema wa hapa Nyanungu, akaletwa kwenye boma hili la juu ya kilima, akalima mahindi, ulezi na mihogo, na kila siku ya mnada akauza uji na chai, hata wafanyabiashara wa ng'ombe wakamzoea kwa jina la Mama Uji. Mungu aliwajalia watoto sita, wanne wako hapa leo, na kaka yetu mkubwa Werema ndiye anayeliongoza boma tangu mzee Deus alipofariki Februari 2012. Maji ya uji ule, ya kupikia, ya kufulia na ya kuogeshea watoto, yote marehemu aliyapandisha kichwani kutoka kijito cha bondeni, akiwa bibi harusi, akiwa mjamzito, na baadaye akiwa mjane.

Mwaka 2016 wataalamu wa mradi wa maji walipita wakitafuta mahali pa juu pa kujenga tenki, wakaona hakuna panapofaa kuliko shamba la marehemu, hatua chache chini ya nyumba yake. Katika mkutano wa kijiji wa tarehe 9 Septemba mwaka huo alisimama mbele ya watu wote, akasema anatoa ile sehemu ya shamba bila kudai fidia, ila ombi lake ni moja tu, bomba moja mlangoni kwake, watu wakapiga makofi, na fundi mkuu wa mradi, Bwana Projestus, akaitikia, "Hilo ni dogo, mama."

Tenki lilikamilika Julai 2018, maji yakavutwa kwa pampu kutoka kisimani hadi juu, yakateremka kwenye vitongoji vyote vya chini, watu wakafurahi, na marehemu akacheza ngoma siku ya uzinduzi, kisha akasubiri bomba lake. Alipokwenda kuuliza, Bwana Projestus alimweleza kwa upole kwamba nyumba yake iko juu kuliko tenki, na maji hayapandi mlima.

"Na haya yaliyomo humu ndani yamepandaje?" marehemu aliuliza.

Jibu lilikuwa kwamba ingehitajika pampu nyingine ndogo, ambayo haikuwa kwenye bajeti, ila ingeombwa mwaka wa fedha ujao. Mwaka wa fedha ujao ulikuja, Bwana Projestus akahamishwa, akaja mwingine ambaye hakujua habari ya ahadi, naye akaelezwa upya, naye akasema mwaka ujao, na marehemu akaendelea kushuka bondeni na ndoo yake, kwa kuwa mabomba yote ya kuchotea yalikuwa huko chini, akilipita tenki akienda na akilipita akirudi, huku maji yakisikika yakiingia ndani.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2021 alinunua kofuli, akafunga koki kubwa ya tenki, akafunga na geti la uzio, akaketi hapo na jembe mapajani. Mtendaji wa kijiji alikuja akamtisha kwa polisi, hakuinuka. Mchana walipanda kina mama wa chini, wamekasirika, na mbele yao alikuwa rafiki yake Akinyi, muuza samaki wakavu, ambaye kibanda chake kilikuwa jirani na cha marehemu mnadani kwa miaka mingi. Akinyi alimwambia, "Dorka, hao wa ofisini wana maji kwao. Mimi ndiye umenifungia." Marehemu akatoa ufunguo akampa, akaingia nyumbani kwake, na watoto wake wanasema ndiyo siku pekee waliyomwona akilia kwa hasira.

Tangu hapo Akinyi na wenzake walipeana zamu za kumpandishia maji, na marehemu aliyapokea, lakini hakuficha kwamba yalimchoma, akisema, "Sikutoa shamba langu ili nibebewe maji kama mgonjwa." Kwa hiyo kila zamu ilipochelewa, alichukua ndoo mwenyewe. Tarehe 19 Aprili 2024, mvua ikiwa imelainisha njia ya bondeni, aliteleza akavunjika nyonga, akatibiwa hospitali ya wilaya, kisha Mwanza, lakini hakutembea tena vizuri. Oktoba mwaka huu alipata homa ya mapafu, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri, akaiaga dunia akiwa na miaka sitini na minne.

Sasa, ndugu waombolezaji, Alhamisi ya wiki hii, baada ya kusikika kwamba viongozi watahudhuria maziko, lilifika gari la ofisi ya maji na vijana wawili, wakashusha pampu ndogo na mpira wa maji, wakaunganisha kwenye tenki, na kabla ng'ombe hawajarudi zizini maji yalikuwa yanatoka hapo mlangoni. Werema aliwauliza kama yatabaki, na mmoja akajibu, "Kaka, sisi tumeambiwa ni ya msiba."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mama yetu, wachungaji, majirani, na wenzake wa mnadani. Shukrani za pekee ni kwa Akinyi na kina mama wa chini, ambao tangu Jumanne hadi Alhamisi walipandisha kila tone lililotumika kupikia hapa. Tunawashukuru pia vijana wale wawili, kazi yao ni nzuri, wameifanya kwa mchana mmoja. Nanyi viongozi wetu, tukiwa hapa mbele ya kaburi tunawaomba, gari litakapokuja kesho kuchukua vifaa, lirudi tupu.

Mama Dorka Waisiko, umefanya sehemu yako na ya wengine. Bwana akupokee. Pumzika kwa amani.