Kila Mtoto na Ukurasa Wake

Ndugu, jamaa na majirani, watoto wa marehemu wamenituma mimi, mkubwa wao, niwasomee safari ya mama yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Mama Daftari, safari aliyoianzisha Mungu na ambayo sasa ameifunga.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1956, mtoto wa tano wa seremala, katika nyumba iliyopakana na karakana, ambako alipenda kusema kwamba alijifunza kukwepa misumari kabla ya kutembea. Alisoma kuanzia 1963 hadi darasa la saba mwaka 1969, akabaki nyumbani kulea wadogo zake, na mwaka 1974 akaajiriwa kuwa mfanya usafi katika wodi ya watoto, akaona walioungua, walioanguka na waliokunywa mafuta ya taa.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi redio, Baba yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Tarehe 3 Januari 1989 alianza kulea watoto wa majirani sebuleni kwake, wasizidi sita, na kila mtoto alimfungulia ukurasa katika daftari, huyu hupanda, huyu kifua humbana, huyu hukimbilia barabarani, na kando yake akaandika nini kifanyike na nani akifanye. Baba alimtania kwamba hata polisi hawana mafaili mengi hivyo, naye akamjibu, “Polisi huandika baada ya tukio, mume wangu.”

Lakini mkamilifu ni Mungu peke yake. Mwaka 1996 fundi cherehani wa mtaa wa pili alimletea mapacha wa miaka miwili, wasichana waliofanana kama shilingi kwa ya pili, na kwenye ukurasa wa kwanza marehemu akaandika, hupanda, madirisha yafungwe, na kwenye wa pili, kwa kuwa maziwa yalikuwa yanachemka na mtoto mwingine analia, akaandika maneno mawili tu, kama mwenzake.

Jumanne tarehe 14 Mei, saa tano asubuhi, alikuwa dirishani akimteremsha mpandaji kwa mara ya tatu, akasikia nyuma yake kimya kisicho cha kawaida, akageuka, akamwona pacha wa pili, yule mpole, ameketi mkekani na koti la mama yake mapajani, macho yamemtoka, midomo imebadilika rangi, hapumui, na koti limepungua kifungo. Alimlaza kifudifudi pajani, kichwa chini, akampiga kati ya mabega, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpandaji akimvuta gauni, na alitusimulia kwamba kabla ya pigo la tano alipata nafasi ya kumwita Mungu kwa jina tu, basi, na kifungo kikaruka, mtoto akalia.

Mama yao alipofika, marehemu hakuficha kitu, akamwonyesha yale maneno mawili, huku jirani mmoja mlangoni akisema, “Na madaftari yake yote hayo!” Fundi cherehani akauliza, “Nikimwacha tena kesho, jioni nitamkuta?”

“Siwezi kukuapia, mdogo wangu,” marehemu akamwambia. “Keti kwanza tumwandike.”

Waliandika mpaka jioni, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyepokelewa kabla mzazi hajaketi na kueleza habari za mtoto huyo peke yake, kwa maana, alisema, mtoto hana nakala. Mapacha walirudi kesho yake, na leo wapo mstari wa pili, wote wawili wameketi, hata mpandaji.

Agosti 2022 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akaacha kulea tarehe 30 Juni 2023, baada ya watoto mia moja arobaini na wawili, ambao kila mmoja alirudi kwao mzima, na akafariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na viti, na walezi wenzake aliowafundisha.

Tulipofungua daftari lake la mwisho tulikuta ukurasa wa mia moja arobaini na tatu, nao ni wa Baba. Husahau jiko likiwaka. Hushuka ngazi bila kushika ukuta. Ukimuuliza atasema hajambo, msimwamini. Mahali pa kuandika nani atafanya, ameacha wazi.

Jana tuliketi sote watatu, tukaandika, kila mmoja siku zake na kazi yake, na hakuna aliyeandika kama mwenzake.

Pumzika kwa amani, mama.