Papa Joachim na Ndoo Isiyoguswa na Sabuni

Kwa taadhima yote inayostahili, wafanyakazi wa kiwanda chetu kidogo cha maziwa hapa Shituru wanaarifiwa kwamba ndoo ya kijani yenye mpini wa waya imeondolewa kazini. Kwa kuwa nafasi imebaki, tuongeze kwamba tarehe 28 Februari anastaafu pia Papa Joachim Kalombo, mkuu wa maabara, baada ya miaka ishirini na saba ya kunusa maziwa yetu.

Mimi ninayeandika ni mtu wa mauzo. Kabla ya kumjua Papa Joachim niliamini bakteria ni jina la heshima la uchafu. Alinielimisha kwa subira, kama mtu anayemfundisha mbuzi kupanda baiskeli. Na udadisi wake hauna likizo: mpelekee mikate miwili, atauliza kwanza kwa nini mmoja umeota ukungu na mwenzake bado.

Mwaka mmoja fromaji yetu, yaani jibini, ilikuwa ikivimba. Inapanda rafuni ikiwa bapa, baada ya wiki kadhaa ina tumbo kama mpira, na ukiikata inanuka. Kulikuwa na vijidudu vya gesi ambavyo hata kuchemsha maziwa hakukuvimaliza. Mwenye kiwanda, Papa Stanislas, akasema wazi: ya Pasaka nayo ikivimba, anafunga mlango, kila mtu arudi kwake.

Haikuvimba. Mama Danielle, mkuu wa chumba cha fromaji, alizunguka rafu mikono kiunoni, kisha akamgeukia mtu wa maabara: "Papa Joachim, njo bulozi gani hii?"

Sisi wengine, uchawi au la, tulishukuru Mungu tukaenda kula. Yeye alichukua kipande, akaotesha bakteria waliokuwamo ndani yake, kando ya vile vijidudu vya gesi, kwenye kisahani kisichoingiwa na hewa. Kila walipokaa bakteria hao, pembeni palibaki peupe. Adui hakuthubutu kusogea. Walikuwa wakitoa vipande vidogo vya protini, bakteriosini, vinavyotoboa ngozi ya jirani mpaka anavuja. Tumboni mwetu vinameng'enywa kama nyama. Maabara moja ya Lubumbashi ilipothibitisha kwamba bakteria hao hawana madhara, tukaanza kuwatia kwenye maziwa kwa makusudi. Ukungu haujali, huo bado tunaukwangua kwa kisu.

Wageni tumekuwa tukiwaambia kwamba hilo ni tunda la utafiti wa muda mrefu. Papa Joachim mwenyewe ameomba tuagane kwa ukweli, na ukweli ni huu. Binti yake Plamedie alikuwa anaolewa, munkoyo ya arusi, kinywaji chetu cha mahindi kilichochachushwa, ilikuwa nyingi kuliko vyombo, na Papa Joachim akaazima ndoo ya kijani ya kazini. Chombo cha munkoyo hakisuguliwi kwa sabuni, kila nyumba inajua: masalio ya jana ndiyo yanayoamsha ya kesho. Kwa mazoea akaisuuza kwa maji baridi, akairudisha. Jumatatu Mama Danielle akaikuta inang'aa, akamimina maziwa. Kisahani, chenye bakteria wale wale wa munkoyo, ndicho kilichomrudisha Papa Joachim hadi kwenye arusi, naye akaenda mwenyewe kumweleza Papa Stanislas.

Juzi nilimwambia bado ni uvumbuzi. Akacheka. "Minye sikuvumbua kintu. Ile ndoo njo ilivumbua. Minye niliuliza tu."

Asante kwa kuuliza, Papa. Pumzika na wajukuu, uwe na afya na majirani wema. Ndoo tumeifunga utepe, ni yako. Hatukuiosha.