Mzee Ondiek na Ufunguo wa Mashine Nambari Tatu

Ijumaa iliyopita, tarehe 27 Juni, Mwalimu Nicodemus Ondiek alistaafu baada ya kufundisha ukerezaji wa chuma katika chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wake kwa sababu karakana yangu ya ukarabati wa mitambo imepakana na yake, na kinachotutenganisha ni ukuta wa waya tu. Nilikubali. Lakini wasomaji wajue mapema kwamba tangu niajiriwe hapa nimemwonea wivu mtu huyu, na sioni sababu ya kujifanya vingine siku anapoondoka. Wasifu ulioandikwa na mwenye wivu una faida moja: hautiwi chumvi.

Alizaliwa Seme, karibu na soko la Kombewa. Akiwa kijana alikuja mjini, akakaa Kaloleni kwa shangazi yake, akajifunza kazi katika karakana iliyokuwa ikitengeneza shafti za vinu vya posho, vile vyuma virefu vinavyozungusha kinu. Alipoanza kufundisha hapa alikuta mashine tatu za kukereza, zile zinazozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga hadi kipate umbo linalotakiwa. Mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu kabisa. Alizifungua, akazisafisha, akazifufua, na hadi leo zinafanya kazi pamoja na zile mpya zilizoongezwa baadaye. Wanafunzi wake wametapakaa katika viwanda vya sukari na vya samaki kote kando ya ziwa, na wengine wamefungua karakana zao. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hilo nalikubali bila kuvutwa sikio.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Mzee Ondiek anajipenda. Ovaroli yake hupigwa pasi hadi mikunjo ya miguu inasimama wima, na sijawahi kuelewa mtu anayeshinda kwenye mafuta anapigia nani pasi. Huimba nyimbo za kanisani akiwa kazini, na sauti yake haina uhusiano wowote na wimbo. Tena ni mkopaji. Bomba langu la grisi limeishi upande wake wa waya muda mrefu kuliko upande wangu. Kila nilipomdai alinijibu kwa upole kwamba atarudisha, na kweli alirudisha, mara nyingi baada ya mimi kununua jingine.

Kilichonichoma zaidi ni jina. Wanafunzi wote, hata wasiojua neno jingine la Kijaluo, humwita Japuonj, yaani mwalimu. Mimi ninaitwa Madam, kama vile Madam wa maktaba na Madam wa stakabadhi. Ninafundisha kubadilisha beringi, kunyoosha pampu na mota zikae mstari mmoja, kusikiliza mtambo na kujua unaumwa wapi kabla haujafa. Ni kazi nzuri na ngumu. Lakini mara ngapi nimegeuka kutoka ubaoni nikakuta nusu ya darasa langu imeegemea waya, shingo zimewatoka, wanamtazama Ondiek akivua unyoya mrefu wa chuma kutoka kwenye shafti? Akiona mtu ana pupa humwambia, "Chuma haina haraka, haraka ni yako." Maneno hayo yanaandikwa hadi kwenye mlango wa choo. Mimi nimesema mambo mengi ya busara katika chuo hiki na hakuna aliyeandika hata moja mahali popote.

Kisa cha kinu cha Mama Beldina kinatosha kueleza. Mama huyu anasaga mahindi pale Kombewa, na kinu chake kilikatika shafti katikati ya msimu. Kikaletwa chuoni. Darasa langu lilikifungua, likatoa beringi zilizoungua, likaosha kila kipande, likatia mikanda mipya na kukiweka sawa. Ondiek na wanafunzi wake walikereza shafti mpya. Kinu kikanguruma vizuri. Wiki iliyofuata Mama Beldina alituma jogoo mkubwa mwekundu na salamu kwa Japuonj Ondiek peke yake. Mcheza kwao hutunzwa, nilijiambia, mimi mtu wa kutoka Busia nitatunzwa na nani? Nilikuwa nimeshajiandaa kununa mwezi mzima. Basi mzee akamchinja yule jogoo, akampikisha kantini, akaita karakana zote mbili, na akasimama kutangaza kwamba bila beringi za Madam Nabwire shafti yake ingekuwa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Hata pa kumlaumu pakakosekana. Nilikula paja kwa hasira.

Sasa nifike kwenye ufunguo, kwa kuwa ndio uliotufikisha hapa.

Kila mashine ya kukereza ina ufunguo wake wa chuma, wenye umbo la herufi T, unaokaza meno yanayokishika kipande kinachochongwa. Ukiusahau pale na mtu akawasha mashine, unaruka kama jiwe la manati na unaweza kumtoa mtu jicho. Hakuna kosa linaloogopwa zaidi katika kazi hii. Vyuo vingine hubandika onyo ukutani. Ondiek aliweka mila. Anayeusahau ufunguo huvishwa shingoni kwa kamba na yeyote aliyeuona, awe nani. Atashinda nao darasani, kantini, mjini, na atarudi nao nyumbani. Siku ya masomo inayofuata ataurudisha yeye mwenyewe kwa mkono wake, wala si kwa kumtuma mtu. Mpaka arudi, mashine ile haiwashwi. Mzee mwenyewe hakuwahi kuvishwa hata mara moja. Najua, kwa sababu nilikuwa nikichungulia kila siku kupitia waya nikiomba asahau.

Binti yangu Terry alipojiunga na chuo, kila mtu alijua atakuja upande wangu. Mimi ndiye niliyemzoesha kushika spana kabla hajajua kushika kalamu. Akavuka waya, akaenda kwa Ondiek. Roho iliniuma, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba mzazi haoni wivu. Katika muhula wake wa kwanza aliusahau ufunguo. Alikuja nyumbani Migosi nao shingoni, akala nao ugali, akaosha vyombo nao ukigonga sinki, na majirani walipomuuliza akawaeleza kwa fahari utadhani ni medali. Nilipomwambia auvue alinijibu, "Mum, siku haijaisha." Mimi nikimwambia avae sweta kukiwa na baridi tunagombana hadi mvua inakatika. Siku hizi anafanya kazi katika kiwanda upande wa Muhoroni, na akipiga simu swali la kwanza ni Japuonj anaendeleaje. Hali yangu mimi huulizwa la pili, siku nyingine la tatu, baada ya paka.

Mwezi uliopita Mkuu wa Chuo alitangaza kwamba Ondiek akiondoka, karakana zote mbili zitakuwa chini yangu na ukuta wa waya utaondolewa. Nilikuwa nimekitamani kitu hicho muda mrefu sana. Lakini usiku ule sikufurahi kama nilivyotarajia. Niliona kwamba nitapewa mashine, makabati na wanafunzi, na wanafunzi hao watasimama mbele yangu wakimtafuta yeye nyuma ya bega langu. Mwalimu asiyekubaliwa na darasa la mashine ni hatari, kwa sababu siku akisema zima, ni lazima pawe na mtu wa kuzima. Hofu hiyo ndiyo niliyokuwa nayo, na sikuwa na wa kumwambia.

Basi Ijumaa ikafika. Hewa ya ziwa hula chuma, na kila Ijumaa wanafunzi wa Ondiek hufuta mashine na kuzipaka mafuta. Alifanya nao kazi hiyo kama kawaida, akawaonyesha jambo la mwisho kwenye mashine nambari tatu, akaenda kunawa mikono ili avae suti ya sherehe. Nikachungulia kama desturi yangu. Ufunguo ulikuwa umeachwa palepale kwenye meno ya mashine.

Wanafunzi nao walikuwa wameuona. Walitazamana, na mmoja wao, Shantel, akaanza kusogea taratibu ili autoe kabla mzee hajarudi. Nikazunguka hadi mlangoni, nikaingia. Shantel akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, tafadhali, si tumwachilie tu? Ni last day yake." Na wenzake wote walikuwa wakiniomba kwa macho. Sitasema uongo kwamba niliwaza usalama peke yake. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu niajiriwe. Lakini pia nilijiuliza, kama sheria hii inalegezwa kwa tunayempenda, Jumatatu nitamvisha nani? Niliuchomoa ufunguo, nikaufunga kamba, na mzee alipotoka akijifuta mikono nikamvisha mbele ya darasa lake.

Aliinamisha kichwa upesi kuliko nilivyotazamia. "Sheria ni sheria, Madam," akasema. "Jumatatu nitarudisha."

Alikwenda kwenye sherehe akiwa na suti ya kijivu, tai nyekundu na kilo nzima ya chuma kifuani. Walioalikwa walicheka hadi machozi. Alikata keki na ufunguo shingoni, akapigwa picha nao akiwa na Mkuu wa Chuo, akapanda gari la kurudi Kombewa nao. Wanafunzi hawakucheka. Nilipopita na sahani yangu walinyamaza, na nilijua wanasema nimemharibia mzee siku yake. Nilirudi Migosi nikiwaza kwamba nimeanza uongozi wangu kwa kuchukiwa, na kwamba hata akiondoka mtu huyu bado ananishinda.

Jana Terry alipiga simu, na kama kawaida akauliza kuhusu Japuonj. Nikamsimulia yote nikitegemea kulaumiwa. Akaanza kucheka. "Mum, yule mzee hawezi sahau ufunguo. Hajawahi. Hiyo aliacha makusudi ndio akuwe na sababu ya kurudi Monday. Na alijua vile sisi tunampenda, tungeficha tu. Alijua ni wewe peke yako utamvisha."

Nilikaa kitini na simu mkononi. Nimefanya kazi karibu na Nicodemus Ondiek miaka yote hiyo, na bado ni binti yangu aliyenieleza alichokuwa anafanya mbele ya macho yangu. Hilo nalo limenitia wivu, mpya kabisa. Lakini limenifanyia jambo jingine pia. Kati ya watu wote wanaompenda chuoni, siku yake ya mwisho mzee alimhitaji mtu mmoja asiyempendelea, na alijua ni nani na amesimama upande gani wa waya. Jumatatu asubuhi ataingia karakana mbele ya wanafunzi wake wote, na ufunguo huo ataurudisha mikononi mwangu. Baada ya hapo, nikisema zima, watazima. Alinipangia hayo bila kunishauri, kama kawaida yake, na sasa sina budi kumshukuru.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzangu, basi, ahsante Mzee Ondiek. Ahsante kwa mashine ulizozifufua, kwa vidole na macho ya vijana uliyoyalinda, kwa jogoo, na kwa Terry, ambaye ulimfanya fundi nilipokuwa nimenuna upande wangu. Salamu zetu kwa mama watoto na kwa Seme yote. Na ukipata nafasi, lile bomba la grisi pia.

Jarida hili linagawiwa Jumatatu asubuhi langoni, kwa hivyo huenda ukawa wa kwanza kulisoma ukiingia. Mashine nambari tatu haijawashwa, tunakungoja. Maisha mema tunakutakia kwa moyo wote, Japuonj, lakini yaanze Jumanne.

Debra Nabwire
Idara ya Mitambo