Bi Adma Nassib Ghantus (1941–2025), Mwenye Upande A na Upande B

Marehemu Bi Adma Nassib Ghantus alizaliwa hapa Kfar Sanun jioni ya tarehe 13 Septemba 1941, mkesha wa Sikukuu ya Msalaba, wakati kila mtaa umewasha moto wake. Alikuwa mtoto wa pili na binti pekee wa hayati Nassib Bey Ghantus, Bey kwa cheo cha ukoo, na hayati Bi Labibe. Jioni hiyo Nassib Bey alikuwa akizunguka mioto yote kumi na mmoja akitafuta kura, kazi aliyoianza miaka kumi kabla ya kuzipata. Alipoitwa nyumbani alijibu, “Nakuja sasa hivi,” akafika kesho yake adhuhuri, mtu wa mwisho kijijini kujua kwamba amepata binti. Marehemu alipenda kusema kuwa hiyo ndiyo ahadi ya kwanza ya mwanasiasa aliyopewa, na kwamba kama angekuwa na mashine siku ile, angeinasa.

Alisoma kwa watawa wa Tripoli, shule ya bweni, kuanzia mwaka 1948 hadi 1959. Ripoti zake zote zimehifadhiwa, kwa sababu hakuna kitu ambacho Bi Adma hakukihifadhi, na zote zina maneno yaleyale kwa mwandiko wa watawa sita tofauti: “Anauliza mno.” Mwaka 1959 alijiunga na chuo cha ualimu Beirut, akakiacha mwaka wa pili mama yake alipougua. Baadaye alikirudia, akapata diploma yake Juni 1966. Wajukuu wake tulipenda kumkumbusha nusu ya kwanza ya habari hii. Yeye alipenda kutukumbusha nusu ya pili, kila Jumapili, mezani, mbele ya wageni.

Tarehe 23 Agosti 1964 alifunga ndoa na hayati Mitri Sarkis, fundi redio na mwimbaji wa kanisa hili. Haikuwa rahisi. Nassib Bey alisema binti wa Ghantus haolewi na mtu mwenye bisibisi mfukoni. Mitri hakubishana. Ilikuwa majira ya uchaguzi, na redio ya Bey ilikuwa mezani kwake, imefunguliwa tumbo. Kila Bey alipotuma mtu kuifuata, Mitri alijibu kwa adabu, “Mwambie Bey ina tatizo la moyo, kama mimi.” Usiku wa kuhesabu kura ulipobaki siku mbili, Bey alikubali posa, na redio ikapona saa ileile. Walijaliwa mtoto mmoja, Rima. Mitri alitutoka mwaka 1989, Mungu amrehemu. Zawadi yake ya arusi ilikuwa mashine ya kunasa sauti, nzito kama kondoo, na hapo ndipo taabu zetu sote zilipoanza.

Kikazi, marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji kuanzia Oktoba 1962 hadi alipostaafu mwaka 2005. Nusu ya waliomo kanisani humu walifundishwa naye kusoma, na nusu nyingine waliwahi kufukuzwa darasani mwake. Lakini kazi ambayo Beirut wanamjua kwayo ni ile ya kila Jumamosi asubuhi, katika sebule ya baba yake, watu walipokuja na shida zao kwa mbunge wao. Bi Adma aliketi karibu na mlango, mashine magotini.

“Sema jina lako, jina la baba yako, na tarehe ya leo.”

“Adma, binti yangu, nimekubatiza mimi!”

“Mashine hukuibatiza wewe, Baba Padri. Jina.”

Nassib Bey aliifurahia kazi hiyo. “Mwacheni anase,” alisema, na ameliacha hilo kwenye kanda ya nne, “ili wajukuu wajue tulivyowatumikia watu.” Alinasa ubunge wa baba yake mpaka mwaka 1968, akanasa ubunge wa kaka yake, Fuad Bey, aliyechaguliwa mwaka 1972 kwa miaka minne akakaa ishirini, kwa kuwa vita havikuacha nafasi ya kuulizana, akanasa ubunge wa mtoto wa kaka yake, Raji Bey, aliyeketi nasi hapa mbele, kuanzia mwaka 2009. Kanda 583, zimehifadhiwa ndani ya madebe ya mafuta ya zeituni chini ya ngazi, kila debe na mwaka wake. Hakuna aliyepona. Tulinaswa tukila, tukigombana, tukikoroma. Fuad Bey anasikika kwenye simu akisema, “Adma, zima hicho kidude.” “Nimezima,” anajibu marehemu, kwa sauti safi kabisa, kwenye kanda ya 212.

Ambacho familia haikukijua kwa miaka mingi ni kwamba sebuleni alinasa Upande A tu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, alikwenda nyumbani kwa mtu aliyeahidiwa, akamsikilizisha ahadi yake mpaka mwisho, akaigeuza kanda, akasema, “Haya. Ikawaje?” Huo ndio Upande B.

Siri ilitoka mwaka 1978, katika kumbukumbu ya miaka kumi ya kifo cha Nassib Bey. Ukumbi ulijaa, askofu yupo, wabunge wapo. Mitri alikabidhiwa kanda ya Bey akiuahidi Mtaa wa Juu maji ya bomba. Ukumbi ukasubiri sauti ya Bey, badala yake ikatoka ya Baba Shawqi, mchunga mbuzi: “Bomba? Bomba nimeliona. Nimeliona ndotoni, na hata ndotoni lilikuwa kavu.” Mitri aliapa mbele ya askofu kwamba alikosea upande. Waliomjua Mitri wanajua kwamba tangu azaliwe hakuwahi kukosea upande wa kanda.

Haki isemwe, maana yeye mwenyewe angenisimamisha hapa. Upande B si matusi matupu. Shule ya Nassib Bey ilijengwa, na Upande B unasema ilijengwa. Zahanati ya Fuad Bey ipo, na wanawake kumi na saba waliojifungulia humo wanamwombea kwa majina yote ya watakatifu. Marehemu hakuyanasa haya ili kuiaibisha familia. Aliipenda, kwa namna yake ya kuchosha. Alisema, “Bila Upande B, Upande A ni tangazo la sabuni. Nani atatuamini?”

Mwaka jana chuo kikuu kimoja cha Beirut kiliziomba kanda zote, zitunzwe kwa heshima na kufunguliwa kwa watafiti. Mimi mjukuu wake nilipewa kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta, kwa kuwa nimesomea mambo ya sauti mpaka mwaka wa pili. Maagizo yalikuwa mawili. Bibi alisema pande zote. Ofisi ya Raji Bey ilisema Upande A unatosha, ule mwingine ni kelele za nyuma.

Bi Adma alianza kuugua moyo mwaka 2021, kisha figo. Alilazwa Tripoli Novemba mwaka jana na tena Februari mwaka huu. Alikuwa mgonjwa mgumu: aliwanasa madaktari wakitaja siku watakayomruhusu, na siku ilipopita aliwasikilizisha. Tarehe 18 Februari Raji Bey alikuja kumtazama, akiwa na maua makubwa kuliko kitanda.

“Shangazi, wewe pumzika. Kila kitu kitakwenda chuoni.”

“Kila kitu ni nini? Sema jina lako.”

“Shangazi, si unanijua!”

“Mimi nakujua. Ndiyo maana nauliza.”

Bey alicheka, nasi tukacheka, muuguzi akacheka. Yeye hakucheka. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Hivyo Bey akasema, na mnaweza kusikia kwenye kanda ya 583: “Mimi Raji, mtoto wa Fuad, leo tarehe kumi na nane Februari elfu mbili na ishirini na tano. Naahidi kanda zote zitakwenda chuoni, pande zote mbili, bila kukatwa, kabla ya kuvuna zeituni.” Alipotoka, marehemu aliigeuza kanda, akaomba penseli, akaandika upande wa pili: “18 Februari 2026.” Akanipa mkononi. Hakusema neno la hekima. Alisema, “Usiimwagie kahawa.”

Alirudi nyumbani tarehe 27, kwa ombi lake. Aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Machi 2025, siku ya pili ya Kwaresima ya kanisa letu, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, binti yake Rima akimshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba saa ya ukutani imechelewa dakika nne. Tumeikagua. Ni kweli.

Wasifu huu ulipaswa kuishia hapo. Juzi alikuja bwana kutoka ofisi ya Bey na kalamu nyekundu, akashauri uishie kwenye maneno “aliipenda sana familia yake,” na habari za kanda ziachwe “mpaka mambo yatulie.” Nilikuwa karibu kukubali. Si kwa woga, kwa uchovu. Maana nilikuwa nimekasirishwa na hizo kanda kuliko huyo bwana.

Upande B una kasoro. Mtu anaeleza vizuri, anafika mahali anasema “lakini,” na sauti inakatika: tkk. Kisha kimya. Kanda inayofuata, hivyohivyo: “Bey hakuja, lakini,” tkk. Nilisafisha mashine kwa spiriti. Nilibadili mkanda wa mota. Nililaumu unyevu, nikalaumu mafuta ya zeituni, nikamlaumu babu Mitri aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilihesabu: tkk 219. Wiki mbili za maisha yangu zimepotelea humo, na mgonjwa nilipomuuliza alisema, “Betri. Zilikuwa mbovu wakati wa vita.” Vita viliisha mwaka 1990. Tkk ya mwisho ni ya 2022.

Jana Mama Hanna wa Mtaa wa Juu alikuja kutoa pole. Ana miaka themanini na minane. Mwaka 1979 mwanawe wa kiume, Hanna, alikamatwa kwenye kizuizi cha wanamgambo, na kwenye Upande A Fuad Bey anamwambia, “Kesho utakunywa naye kahawa.” Nikamuuliza.

“Mama Hanna, kwenye Upande B unasema, ‘Wiki tatu, Bey hakutuma hata mbwa wake, lakini,’ halafu inakatika. Lakini nini?”

“Lakini yeye!” akasema, akiuelekeza mkono kwenye jeneza. “Lakini yeye, nani mwingine? Aliingia kambini peke yake na daftari la mahudhurio la shule kwapani. Kamanda alikuwa mwanafunzi wake. Akamwambia, ‘Keti vizuri. Tena toa miguu mezani.’ Mtu mzima na bunduki, akatoa miguu! Akamfungulia daftari: ‘Huyu ni wewe, huyu ni Hanna, mlikaa dawati moja. Leo Hanna hayupo darasani. Niandike nini?’ Akarudi naye jioni. Nikayasema haya yote, akazima. Nikamwambia, washa wewe! Akasema betri zimekwisha. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, mwanangu, mimi si kipofu.”

Mzee mmoja nyuma yake akaweka kikombe chini. “Na mimi kaniambia betri,” akasema. “Kitanda cha hospitali cha mke wangu, mwaka themanini na nane. Alikaa mlangoni kwa daktari siku mbili na chakula chake.”

“Mimi kaniambia paka kakanyaga waya,” akasema mwingine.

“Hakuwa na paka!”

“Najua hakuwa na paka.”

Wakaendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa. Ndugu waombolezaji, nimemheshimu bibi yangu maisha yangu yote, na leo natamani kumtingisha. Mwanamke aliyetunyima amani kwa miaka sitini akidai kila neno libaki, kila jina, kila tarehe, alikaa na kidole kwenye kitufe akajifuta mwenyewe mara 219. Utumishi wa familia hii ulikuwepo. Aliyeitunza kumbukumbu yake ndiye aliyeikata nusu.

Marehemu ameacha binti, Bi Rima, na mkwewe Elias, wajukuu watatu, mtoto wa kaka yake, Mheshimiwa Raji Bey, na familia yake, jamaa wa Ghantus na Sarkis hapa na São Paulo, Hanna, aliyebeba jeneza upande wa mbele kulia leo asubuhi, na watu wapatao mia mbili ambao hawakumaliza kusema.

Kwa hao nina tangazo. Baada ya maziko, mashine yake iko mlangoni mwa ukumbi, kushoto kwa kahawa. Betri ni mpya. Nimezinunua mwenyewe, na pale kuna nyingine za akiba. Jina lako, jina la baba yako, tarehe ya leo. Kisha uanze na “lakini.” Kama mhusika alishatangulia, mwanawe anaruhusiwa. Padri hasamehewi jina.

Bey, wewe huna haja ya kupanga foleni leo. Zamu yako ni tarehe 18 Februari. Nitapiga hodi mimi, na kanda ninayo, haijamwagikiwa kahawa. Na ikiwa zeituni zitakuwa zimevunwa na madebe yote yamefika Beirut, pande zote mbili, nitafurahi kuliko mtu yeyote kukunasa ukisema hivyo, maana yeye alikuwa na hamu kubwa ya kusikia Upande B mmoja wa kwako wenye mwisho mzuri.

Bibi, lala sasa. Saa tumeirekebisha. Kumbukumbu yako iwe ya milele, na safari hii kitufe hakiko karibu yako.