Mikono Mirefu ya Mashuka

"Mwalimu, hii mikono ya nguo ni mirefu hivi ya nini?" Mtoto wa gredi ya nne aliniuliza hivyo. Nikamwambia arudi kwenye mstari.

Mama zangu wa kikundi hiki, mnanijua. Ni mimi huuliza hapa mkutanoni kwa nini maombi yetu ni marefu kuliko ajenda. Siku hiyo niliulizwa mimi.

Baada ya chuo kikuu nilikaa nyumbani mwaka mzima, hadi shule moja ya msingi hapa katikati ya mashamba ya chai iliponichukua kufundisha muziki. Chuoni nilikuwa kwenye klabu ya ngoma za Kichina. Nilijua hatua na nyimbo tatu, basi. Tukakata mashuka ya mitumba, tukashona mikono inayopita vidole kwa karibu mita moja, ya kurusha hewani na kukunja. Wimbo wenyewe watoto waliushika kwa siku mbili.

Tukaenda tamasha. Jaji akauliza mbele ya watu mikono ile ina maana gani. Watoto wakanigeukia. Nikawaashiria washuke jukwaani. Tukawa wa mwisho, na mzazi mmoja akasema degree yangu imekuja kuchezea watoto wao. Jumatatu sikuenda kazini. Jumanne pia. Nilizima simu, nikalala wiki tano. Siwadanganyi, mama zangu: sikuomba wala sikulia. Nililala tu.

Aliyeniamsha ni mama mmoja mchuma chai. Alikuja na mfuko, ndani yake mikono yote imefuliwa na kupigwa pasi.

"Umepumzika ya kutosha, Mwalimu?"

Nikamwambia sijui hata ninachofundisha.

"Na mimi sijui hiyo chai huenda kunywewa wapi. Nachuma. Huyu mtoto wangu anacheza jikoni na taulo, ameshavunja vikombe viwili. Kuja umtoe jikoni kwangu."

Nilicheka, nikaoga, nikarudi. Niliwaambia watoto kwamba sijui, tutafute pamoja. Tukapata kwamba kwenye michezo ya jukwaani ya Kichina, kitambaa kile hurefusha mwendo wa mkono, ili hata aliyeketi nyuma kabisa aone huzuni au furaha ya mchezaji.

Namshukuru mwalimu mkuu aliyeniwekea kipindi changu, nawashukuru nyinyi mlioshona mikono mipya, na zaidi yule mama. Nililojifunza ni hili: mtu akikuuliza swali, jua kwanza kwa nini anauliza. Mimi sikutaka kujua.

Mwaka jana, mtoto aliyeniuliza akiwa ameshahama shule, mama yake aliniambia jambo, na wote wawili wameniruhusu kulisema. Mama huyo ndiye yule wa pasi. Mashine ya kukatia ng'ombe nyasi ilimchukua binti yake vidole vitatu akiwa mdogo. Darasa lote lilijua isipokuwa mimi, kwa sababu mkono huo haukutoka kwenye sweta. Ni kwenye yale mashuka tu ndipo alipoinua mikono yote miwili.