Kidole cha Marehemu

Mwalimu Tekla hapendi umbea, ila masikio hayana pazia, na gari la Kirongwe lilijaa mpaka mlangoni. Mbele yake walikaa Obed, kijana wa ofisini, na Bi Umi, mwosha maiti wa Miburani.

"Serikali ipewe ufunguo wa simu zote, mama," Obed alisema. "Dada yangu alipotea Dar. Simu yake ilipatikana, lakini ujumbe umefungwa, hata polisi hawakuweza kuusoma. Mpaka leo hatujui nani alimwita."

Bi Umi alimpa pole kwanza. "Mwezi uliopita nilimwosha msichana aliyekutwa ufukweni," alisema. "Kabla ya sanda akaja askari na simu ya marehemu, anataka nishike kidole cha maiti nikibonyeze kwenye simu ifunguke. Nikakataa. Mwosha anaona mengi, baba, na yote anayazika."

Tekla alizima simu yake, ingawa ilikuwa na ujumbe wa muuza mkaa tu.

"Pengine angejulikana aliyemuua," Obed alisema.

"Pengine. Na wangejulikana wote aliowahi kuwaandikia, na yote aliyowaambia, naye hayupo wa kujieleza."

Obed alitikisa kichwa. "Wewe ilikuwa rahisi kukataa, hakuwa wako. Kamuulize mama yake kama usiku analala."

Gari liliposimama Kirongwe Bi Umi alijifunga kanga vizuri, akashuka taratibu, kisha akamgeukia Obed dirishani.

"Mama yake ni mimi," alisema. "Silali."